Miguno 33 kwa Dakika

Wapiga piano wa jazi wana tabia moja ambayo majalada ya santuri hayaitaji: hawawezi kufunga mdomo. Vidole vikifanya kazi, koo nalo linadai zamu yake. Erroll Garner, kwenye ile santuri yake ya tamasha la Carmel, California, ya mwaka 1955, anaguna kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Bud Powell ananung'unika nyuma ya noti zake. Oscar Peterson naye anavumavuma. Lakini bingwa wao wote ni Keith Jarrett. Huyo haguni tu. Anahema, analalama, na mara nyingine anapiga ukelele kabisa. Wanaojua husema anaimba ule muziki anaoubuni papo hapo. Sibishi. Nasema tu kwamba maikrofoni huwekwa karibu na piano, na mdomo wa mpigaji uko karibu na piano vilevile.

Mke wangu ana rafu yake ya piano laini, na hoja yake haijabadilika tangu tuoane: wa kwake wana adabu. Kuna Roger Williams, aliyeshika namba moja Marekani mwaka huohuo wa 1955. Kuna Ferrante na Teicher, waliojuana tangu utotoni katika shule ya muziki ya Juilliard, wakaishia kuwa mabwana wawili wa piano mbili. Kuna Richard Clayderman, Mfaransa aliyezaliwa akiitwa Philippe Pagès.

"Umewahi kumsikia Clayderman akiguna?" huniuliza.

"Hata akiguna, nani atamsikia na vinanda vyote vile vya nyuzi nyuma yake?"

Mjadala wetu huishia hapo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba santuri zake ni safi kuliko zangu. Wakusanyaji wa jazi huzipita hizo bila kuzigusa, kwa hiyo yeye hujichagulia zinazong'aa, kwa bei ya kutupa, wakati mimi nagombania zilizochakaa na watu wenye fedha kunizidi.

Basi nikapata toleo la Ujerumani la tamasha la Jarrett la mjini Köln. Santuri mbili ndani ya jalada jeupe, naye kwenye picha ameinamisha kichwa. Muuzaji alikuwa ameipa daraja la VG+, ambalo katika lugha yetu ni nzuri sana na kidogo zaidi, akaongeza kwa mkono wake: "Mkwaruzo mdogo upande wa kwanza, hausikiki." Msomaji asiyekusanya santuri aelewe kwamba wauzaji wengi hutoa daraja kwa macho. Huiinua santuri chini ya taa, huigeuza huku na huku, wakatoa hukumu. Sindano haijaigusa. Hausikiki, maana yake hajausikiliza.

Tamasha lenyewe lina kisa chake, na bila kukijua hutaelewa kilichonipata. Tarehe 24 Januari 1975 Jarrett alifika katika jumba la opera la Köln akakuta si piano aliyoiomba. Ilikuwa ndogo, noti za juu zinalia kibatibati, besi haina nguvu na kanyagio zina matatizo. Mwandaaji alikuwa binti wa miaka 18, naye ndiye aliyembembeleza hadi akakubali kupanda jukwaani, usiku umekwenda sana. Kwa kuwa piano ilikuwa na upungufu juu na chini, Jarrett alishinda katikati. Mkono wa kushoto ulishika kordi mbili, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja, ukazigonga, ukazirudia, ukazirudia tena, na juu yake yeye akaguna. Nakala za santuri hiyo zikauzwa kwa mamilioni.

Shika hapo kwenye kurudia.

Mke wangu alikuwa amelala. Nikazima taa, nikaweka upande wa kwanza, ambao una dakika 26 hivi, nikaegemea kiti. Kordi mbili. Mguno. Kordi mbili. Mguno. Santuri nyingine ikikwama utajua mara moja, kwa sababu wimbo unakatika mahali pasipofaa. Ya Jarrett ikikwama, unadhani ndipo uchawi unapoanza. Nilijiambia, huyu bwana ana subira ya ajabu, halafu nikapitiwa na usingizi.

Kumbe ule mkwaruzo usiosikika ulikuwa umekata mfereji ambamo sindano hupita, na kila sindano ilipoufikia ilirushwa nyuma mfereji mmoja. Hesabu yake ni rahisi: santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, hivyo mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Kila sekunde 1.8, tik, kordi mbili, na bwana mzima akisema "Aaahh." Kwa saa moja ni miguno elfu mbili kamili. Na mashine yangu si ya zile zinazojinyanyulia mkono wa sindano.

Nyuma ya ukuta wangu anaishi mama mmoja, muuguzi mstaafu. Piano, alinieleza baadaye, haikupita ukutani. Mguno ulipita. Akakaa kitandani akausikiliza kwa sikio la kazi yake, kisha akawasha taa, akachukua saa, akahesabu.

Kilichoniamsha ni mlango kugongwa kwa ngumi. Saa nane za usiku. Nikafungua, nikamkuta yeye mbele na kipima presha mkononi, nyuma yake mzee wa ghorofa ya chini na tochi, na nyuma yao mlinzi na rungu, ambalo hadi leo sijajua lingemsaidia vipi mgonjwa.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichonijia.

"Marahaba, yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanangu, usinifiche. Pumzi thelathini na tatu kwa dakika! Mtu mzima anatakiwa kumi na mbili hadi ishirini. Huyo anakata roho!"

Na kutoka gizani nyuma yangu: "Aaahh."

Alinisukuma akaingia. Mzee akamulika chini ya meza. Mlinzi akaenda chumbani, na hapo ndipo mke wangu alipoamka, akakuta mwanamume mwenye rungu mlangoni, akapiga yowe ambalo kwa mara ya kwanza usiku ule lilikuwa la mtu aliyekuwepo kweli. Mama muuguzi akamkimbilia na kipima presha. Akampima. Ilikuwa juu.

"Aaahh," ikasema spika.

Nikawasha taa, nikainua sindano. Kimya. Nikajaribu kueleza: ni santuri, imekwama, huyu ni Mmarekani, yuko Ujerumani, ni mwaka 1975. Mama muuguzi akanitazama kwa muda.

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa?"

"Hapana mama, alikuwa anapiga piano."

"Piano gani ya kumliza mtu hivyo?"

"Ilikuwa mbovu."

Jibu hilo lilimridhisha kuliko yote. Mzee yeye alikwisha kufika kwenye mashine, akipekua mfuko, akisema zamani zao santuri ikikwama waliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ikatulia. Nilimdaka mkono. Sindano yangu inataka uzito wa gramu mbili tu. Kwa sarafu yake ingeilima ile santuri hadi upande wa pili. Akaniambia vijana hatupendi kufundishwa.

Wakaomba wasikie. Nikashusha sindano baada ya mkwaruzo, wakasimama wote wanne, mke wangu na shuka begani. Jarrett akacheza vizuri kweli, dakika nzima bila kukwama. Halafu akaguna, mama muuguzi akatazama saa yake.

"Imeshuka," akasema. "Anaendelea vizuri."

Mke wangu akamwambia mama muuguzi kwamba Clayderman hajawahi kuhitaji muuguzi, na tangu siku hiyo wawili hao wanaazimana santuri.

Asubuhi nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba mkwaruzo ule hausikiki. Nikamtumia maelezo yenye sahihi tatu: za muuguzi, mzee na mlinzi, kwamba umesikika ghorofa mbili. Akarudisha nusu ya fedha. Nusu nyingine alikataa kata kata, kwa hoja kwamba yeye anawajibika kwa mkwaruzo peke yake, na mguno umetoka hivyohivyo kiwandani.