Jobo na Viroba vya Mjomba

Mtu wa Lindi usimtanie kwa habari za kimbunga. Aprili 2021, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba kimbunga kiitwacho Jobo kinatoka pande za Madagaska kuja pwani yetu, mtaani kwetu Mbagala watu walianza kwa kucheka. Vijana wa bodaboda wakawa wanaulizana kama Jobo atapita Kilwa Road au ataogopa foleni. Mjomba, aliyekuwa kwetu kwa matibabu ya macho, hakucheka hata kidogo.

"Mama yangu alikuwepo Lindi mwaka 1952," alisema. "Na wao walicheka hivi hivi."

Kisha akatupeleka Unguja ya mwaka 1872, jinsi kimbunga kilivyoing'oa mikarafuu ya Sultani. Alivyokuwa anasimulia, ungedhani alikuwa amejificha chini ya mkarafuu mmojawapo. Mke wangu akaniangalia, nami nikamwangalia. Kuanzia dakika ile nyumba haikuwa yetu tena.

Jumamosi tulishinda tumefunga, jua linawaka, tunabeba mchanga. Mjomba alitaka viroba mlangoni, mbele na uani, vipangwe kama tofali, kila mwanya uzibwe kwa nailoni na udongo. Alipomaliza alimwaga kopo la maji kwa nje, akapiga magoti kibarazani kukagua. Halikupenya tone. Akasimama, akapangusa mikono, akasema hapo hata Nabii Nuhu angeomba ramani.

Tatizo ni kwamba sisi nasi tulipaswa kuingia na kutoka. Mke wangu aliruka ule ukuta na sufuria ya uji wa futari kichwani, huku akisema maneno ambayo mwezi wa Ramadhani hayafai kuandikwa.

Likabaki suala la maji ya kunywa. Bomba lilikuwa kavu tangu juzi yake, na hapo mjomba alisema kweli: kimbunga kikishapita, maji safi ndiyo yanayoadimika. Akachukua mpira, akaufunga kwenye bomba la uani, akaupitisha dirishani mpaka kwenye pipa lililokuwa koridoni, halafu akafungua koki yote.

"Yakirudi usiku yatukute tayari."

Tukalala sebuleni sote, magodoro chini, mbali na madirisha. Mjomba alikuwa na redio sikioni na tochi kifuani. Kila kikilia kitu, "Ndicho hicho!" Kumbe lori. "Ndicho hicho!" Kumbe paka juu ya bati. Mwisho usingizi ukatuchukua, na yeye ndiye aliyeanza kukoroma.

Saa tisa usiku nikaota nimelala Kigamboni ufukweni. Niligeuka upande wa pili, sikio likaingia kwenye maji. Nikapapasa sakafu, mkono ukazama hadi kwenye kifundo. Ndala ya mwanangu ikapita mbele ya pua yangu taratibu, ikaenda kugonga mguu wa kabati, ikageuka, ikarudi.

"Mjomba!"

Akawasha tochi, akaona, akapiga ukelele uliofika mpaka Rangi Tatu: "Bahari! Bahari imeingia!"

Kutoka kwetu bahari huioni hata ukikwea mnazi, lakini nani wa kuhoji saa ile? Watoto wakapanda mezani. Mjomba, katikati ya mtafaruku wote huo, akachovya kidole, akakiramba, akatafakari kama anayeonja mchuzi.

"Haina chumvi."

"Inanuka dawa," akasema mke wangu. "Haya ni ya bomba."

Tukanyamaza, na ndipo tukasikia mpira unavyobubujika koridoni. Maji yalikuwa yamerudi kwa nguvu ambazo mtaa wetu haujawahi kuziona hata siku ya mkutano wa kampeni. Pipa lilishajaa zamani, sasa yanapanda, na pa kutokea hamna, kwa sababu milango yote miwili ilikuwa imezibwa na mtu anayejua kazi yake.

Nikakimbilia mlangoni kuondoa viroba. Mjomba akanikamata fulana.

"Usiviguse! Cha nje bado hakijaja!"

"Mjomba, tunazama kwa cha ndani!"

Tukabaki tunavutana kiroba, yeye huku, mimi kule, mpaka kikapasuka. Mchanga wote ukaingia ndani, ukachanganyika na maji, sebule ikawa shamba la mpunga. Wakati huo mke wangu alikuwa ameshatoka dirishani kwenda kufunga koki, jambo ambalo sisi wanaume wawili hatukuwa tumelifikiria.

Kwa bahati mbaya ndio wakati vijana wa kuamsha daku walikuwa wanapita na madebe yao. Nje kukavu, mwezi unaelekea kuzama, upepo hautikisi hata jani la mwembe, na sisi tunamwaga maji kwa mabeseni kupitia dirishani. Madebe yakanyamaza. Mmoja akauliza kwa adabu, "Shikamooni. Kwani Jobo kaanzia hapa?"

Jumapili ikatangazwa kwamba kimbunga kimeishiwa nguvu. Magodoro yetu yalikuwa yameanikwa ukutani, na wapita njia wakawa wanatupa pole za dhati kama wahanga pekee wa Jobo katika wilaya nzima ya Temeke. Mjumbe naye akaja na daftari. Mjomba akataka tuandikwe. Mjumbe akaangalia mbingu, akaangalia mpira wa maji, akafunga kalamu.

Bili ya mwezi ule ilipofika, mjomba alikuwa ameshaondoka. Nikampigia Lindi, nikamsomea uniti zote, moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna, kisha akauliza kama vile viroba bado nimevitunza.