Mpenzi wa bolingi mpe gata, si mpira

Kama una ndugu anayependa kupita kiasi bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha vigingi, na unawaza umpe zawadi gani, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usimnunulie mpira. Mchezaji aliyekolea hutobolewa matundu ya mpira wake kwa kipimo cha vidole vyake mwenyewe, dole gumba na viwili vya katikati. Ukimletea wa kubahatisha atakushukuru kwa adabu, kisha atauweka mlangoni uzuie upepo wa ziwani. Mpira mzito kabisa unaoruhusiwa una pauni 16, yaani kilo 7 na robo hivi. Kwa kazi ya mlango unatosha na kubaki.

Mimi nasema zawadi ya mtu wa bolingi iwe ya kumtania. Mchezo wenyewe unaruhusu. Mtu mzima anavua viatu vyake, anavaa vya kukodi vilivyokwisha kuvaliwa na nusu ya mji, halafu anavigombeza vigingi kumi vilivyosimama mita 18 mbele yake. Mtu wa namna hiyo ukimpa saa ya ukutani umemkosea.

Kwetu mgonjwa wa bolingi ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Akienda Dar au Nairobi lazima akacheze, na akirudi Mwanza tunasimuliwa straiki tu, yaani kuangusha vigingi vyote kumi kwa mpira mmoja. Mipira iliyoishia mtaroni, ile gata ya pembeni mwa njia ya mpira, haitajwi kabisa. Kwa hiyo zawadi yake naijua: kipande cha gata, hii hii ya kukinga maji ya mvua kwenye bati. Duka lolote la vifaa vya ujenzi watakukatia futi tatu. Mpelekee fundi wa kuandika mabango aandike jina la mhusika kwa rangi nyekundu, na chini yake “Makazi ya Kudumu”. Viringishia karatasi ya zawadi, na uhakikishe anafungua mbele ya wakwe.

Viatu navyo vina utani wake. Vya kukodi mara nyingi huandikwa saizi kubwa kisiginoni, kila mtu aone. Pita soko la Mlango Mmoja, chagua raba ya mtumba yenye rangi mbili zisizopatana, uandike saizi nyuma kwa tarakimu za kuonekana toka Kirumba. Soksi mpya weka ndani. Utani bila soksi ni uchoyo.

Lakini ninayoipenda kuliko zote haigharimu zaidi ya tikiti moja. Kigingi halisi kina uzito wa kilo moja na nusu na ushei, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijazwa inakaribia hapo hapo. Okota kumi baada ya sherehe, zijaze maji, zifunge vizuri, zipange kwa pembetatu: moja mbele, kisha mbili, tatu, nne. Mpira ni tikiti maji. Toboa matundu matatu kwa kisu chembamba. Ukiingiza vidole vinazama mpaka kwenye nyama nyekundu, maji yanakutiririka hadi kwenye kiwiko, na mbegu moja lazima ibaki chini ya ukucha. Likipasuka kwenye mrusho wa kwanza, mnakula mchezo. Chezeni uwanja ulio tambarare tu. Kwa wale mnaokaa juu ya mawe kama Mabatini, tikiti likikwepa chupa mtalifuata kwa bodaboda.

Fulana yenye maandishi sina shida nayo, ila iwe na maneno ya maana. “Bingwa” kila mtu anayo. Andika “300”, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa na inataka straiki 12 mfululizo, halafu pembeni kwa herufi ndogo: “kwa mwaka mzima”. Ila mtanie kwa mchezo wake, usiguse kitambi. Kitambi kina wenyewe, na wengine ndio wanaopika siku hiyo.

Limebaki la bata mzinga. Wachezaji wa Marekani straiki tatu mfululizo huziita hivyo, na shemeji ameapa kwamba safari ijayo atazipata na kuleta picha ya ubao wa alama. Nimemwahidi bata mzinga mwenyewe, mzimamzima, na manyoya yake. Nimeshaulizia kwa mama mmoja anayefuga, akataka kujua kama namtaka kwa kufuga au kwa sikukuu, na lini. Nikamwambia aendelee tu kumlisha, hakuna haraka.