Msimwite mwanangu kiraka

Jumanne jioni kocha wa futiboli ya Kimarekani shuleni kwa mwanangu alinipigia simu. Nilikuwa nimetoka zamu, bado nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, hapa Columbus, Ohio. Akanieleza kwa upole kwamba kijana ana mbio, timu imepungukiwa wapokeaji, kwa hiyo anataka kumtoa kwenye nafasi ya kwotabeki ampeleke pembeni. Nikajibu papo hapo: "Sawa mwalimu, wewe ndiye unayejua." Nikakata simu nikiwa na amani. Nilijiona nimejibu kama marehemu baba angejibu.

Nilipofika nyumbani mtoto alikuwa ameshapata habari. Ana miaka 15, si mtoto wa kupandisha sauti. Alisimama mlangoni mwa jiko akaniuliza: "Baba, kwa nini hukumuuliza hata swali moja?"

Leo Jumamosi, siku ya nne, na swali lile bado limenikaa kifuani.

Kwa asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani: kwotabeki ndiye mshika usukani. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Anapokea mpira, ana sekunde mbili tatu za kuwasoma mabeki, kisha aamue kutupa, kumkabidhi mwenzake au kukimbia mwenyewe. Mpokeaji anakimbia njia aliyochorewa, anaudaka. Zote mbili ni kazi za heshima. Ila mbio unazaliwa nazo, na kusoma ulinzi unafundishwa, mwaka baada ya mwaka, na huku darasa hilo ni shule ya sekondari na chuo kikuu. Hakuna akademi za klabu kama Ulaya. Ukitolewa darasani ukiwa na miaka 15, ukifika chuo wenzako wana miaka mitatu mbele yako, na anayekwenda kuchaguliwa kwenye drafti, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, ni yule aliyebaki darasani. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu. Wakampanga kwenye ulinzi. Ulinzi mwanamume mwenye nguvu anaweza kuuanza ukubwani. Usukani hauanzwi ukubwani.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu maumivu yangu yako huko.

Kwetu kocha akisema kesho unacheza beki ya kulia, kesho unacheza beki ya kulia. Mimi nilikuwa winga wa kushoto, mguu wa kushoto, kidato cha tatu. Wiki moja kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, beki wetu wa kulia akaugua malaria. Mwalimu wa michezo akatazama kundi, akaninyooshea kidole. Nilicheza pale mashindano yale, nikacheza pale mwaka uliofuata, na walipokuja watu wa kuangalia vipaji waliona beki wa kulia wa kawaida asiye na mguu wa kulia. Yule winga hawakumwona kabisa. Simlaumu mwalimu. Alikuwa na mipira miwili na vijana arobaini, na nauli ya kutupeleka wilayani alichangisha mwenyewe. Mnaijua hali, sina haja ya kuieleza.

Lakini tazameni neno tunalolitumia. Mchezaji wa kujaza kila pengo tunamwita kiraka, na tunamwita hivyo kwa sifa. Erasto Nyoni tulimwita kiraka na alistahili kila sifa: beki wa pembeni, beki wa kati, kiungo mkabaji. Machi 2019 alipofunga penalti dhidi ya Uganda, Taifa Stars ikashinda 3–0 na kwenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, nililia humu ndani peke yangu saa za asubuhi. Nyoni alikuwa mtu mzima, fundi aliyekamilika. Ninachokisema ni watoto. Kiraka kinakatwa kwenye kitambaa, na kitambaa kile kingeweza kuwa shati.

Kazini kwetu kuna mzee mmoja mweusi, mzaliwa wa Alabama, anakaribia kustaafu. Nilipomsimulia Jumatano wakati wa chakula, aliweka kijiko chini. Akasema, hiyo simu babu zetu waliipokea miaka mingi. Nikamsikiliza, kisha usiku nikasoma mwenyewe, na yote aliyoniambia kuhusu kwotabeki weusi ni kweli. Marlin Briscoe alianza kama kwotabeki wa Denver mwaka 1968, akatupa pasi 14 za tachidauni, yaani za kufunga. Mwaka uliofuata hakuwa na nafasi tena, akaenda Buffalo akawa mpokeaji. Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, ya 1978 akiwa na chuo cha Washington, na katika drafti ya mwaka huo hakuna timu iliyomwita jina. Alikwenda Kanada, akachukua ubingwa mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo Houston wakamfungulia mlango mwaka 1984. Tony Dungy alikuwa kwotabeki wa chuo cha Minnesota, ligi ya kulipwa ikampa kazi ya beki. Walikuwa wanaambiwa wana mbio. Waliambiwa kwa upole pia.

Kwa hiyo msidhani nawaambia Marekani ni nchi ya haki ambapo kila mtoto anaulizwa anapenda nini. Nchi hii ilifanya makusudi jambo ambalo sisi tunalifanya kwa uhaba. Tofauti niliyoiona ni kwamba watu wa huku walijifunza kuuliza. Waliumia, wakajifunza, wakawafundisha watoto wao.

Chukueni Lamar Jackson. Mama yake alisimamia safari yake tangu utotoni, na vyuo vilivyomtaka kwa nafasi nyingine havikumpata. Alikwenda Louisville kwa ahadi moja, kwamba atakuwa kwotabeki. Mwaka 2016 akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Hata hivyo, kabla ya drafti ya 2018, Bill Polian, kiongozi wa timu aliyeheshimika miaka mingi, akasema hadharani kijana huyu ahamie upokeaji. Kijana akakataa. Alikataa hata kukimbia mbio za yadi 40 mbele ya wapimaji, kwa sababu alijua wakishaona kasi yake wataacha kutazama mkono wake. Nimelifikiria hilo sana wiki hii. Mtu wa miaka 21 ameficha kipaji kimoja ili kulinda kingine.

Wenzake wanne wa nafasi ile wakachaguliwa kabla yake. Baltimore walimchukua wa 32, wa mwisho wa raundi ya kwanza. Na hapa ndipo kocha anapoingia. John Harbaugh hakumwambia abadilike afanane na timu. Mwaka 2019 alimkabidhi Greg Roman mashambulizi, wakayajenga upya yote kumzunguka Lamar, wakayapa mbio zake kazi ndani ya nafasi yake mwenyewe. Msimu huo timu ilishinda mechi 14 na kupoteza 2. Lamar aliongoza ligi kwa pasi 36 za tachidauni, akakimbia yadi 1,206, na wapiga kura wote bila kubakia mmoja wakampa tuzo ya mchezaji bora. Akaichukua tena ya 2023, mwaka uleule aliposaini mkataba wa dola milioni 260 kwa miaka mitano.

Katika drafti ileile kulikuwa na kwotabeki Josh Rosen wa chuo cha UCLA, aliyechukuliwa na Arizona akiwa wa 10. Baada ya msimu mmoja kocha wake alifukuzwa. Kocha mpya, Kliff Kingsbury, alikuja na mfumo wake, na klabu ikamchukua kwotabeki mwingine, Kyler Murray, kama chaguo la kwanza la 2019. Rosen akauzwa Miami na hakutulia popote tena. Sisemi alikuwa na kipaji cha Lamar. Nasema mmoja alijengewa nyumba, na mwenzake nyumba ilibomolewa akiwa ndani.

Mashabiki wa Simba na Yanga, hapa si lazima niongeze neno. Msimu wa 2024/25 Yanga ilipita kwa makocha watatu, Gamondi, Ramovic na Hamdi. Ubingwa ulikuja, nami niliushangilia. Lakini muulizeni kijana wa miaka 20 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana amejifunza nini kwa walimu watatu ndani ya mwaka mmoja. Kwotabeki Alex Smith, chaguo la kwanza la drafti ya 2005, alipitia makocha saba wa mashambulizi katika misimu saba ya kwanza pale San Francisco. Watu walimwita mzigo. Wa saba alikuwa Greg Roman, yuleyule wa Lamar, chini ya Jim Harbaugh, ndugu yake John. Timu ikashinda mechi 13 msimu huo, na waliomwita mzigo wakanyamaza.

Tena msiende mbali, njooni hapa mjini kwangu. Kwotabeki Joe Burrow alikulia Athens, kusini mwa Ohio, akaja chuo cha hapa, Ohio State, akakaa benchi miaka mitatu. Mwaka 2018 akaondoka kwenda LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. Msimu wa kwanza huko alitupa pasi 16 za tachidauni, kijana wa kawaida. Kisha wakamleta Joe Brady kutoka New Orleans kusimamia mchezo wa pasi, wakautawanya uwanja, wakamwachia Burrow asome na aamue. Msimu wa 2019: pasi 60 za tachidauni, mechi 15 bila kufungwa, ubingwa, Heisman, na chaguo la kwanza la drafti ya 2020. Kutoka 16 hadi 60, mkono ni uleule. Watu wa mji huu wanalizungumza hadi leo kwa uchungu, na wakilizungumza mimi nawaza vijana wetu wangapi waliishia kwenye 16 yao na tukasema hawakuwa na kitu.

Najua majibu yanayokuja. Kaka yangu ameshanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita: nimekuwa Mzungu, nimesahau kwamba mtoto hapangi kazi ya mwalimu. Kaka, shikamoo, nimekusikia. Sijasahau. Heshima niliyolelewa nayo ndiyo imenifikisha hapa, na sitaki mwanangu awe wa kumnyooshea kocha kidole. Lakini heshima na ukimya ni vitu viwili, na sisi tulifundishwa kama kimoja. Mwanangu aliniuliza swali mlangoni mwa jiko bila kunikosea adabu hata kidogo. Kwa nini mimi nishindwe kumuuliza mtu mzima mwenzangu?

Mwingine atasema: mbona Julian Edelman alikuwa kwotabeki wa Kent State, hapahapa Ohio, akageuzwa mpokeaji New England na akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi, Super Bowl ya 2019? Kweli, na hoja hiyo naikubali. Ila Edelman alibadilika akiwa amemaliza chuo, ameshapewa nafasi yake misimu mitatu, ameona mwenyewe mlango ule hauko wazi. Aliamua akiwa na macho. Hakuna aliyemwamulia kwa simu ya dakika tatu na baba yake.

Na mwingine: watoto wa siku hizi wanahamahama, hawana subira. Basi mtazame kwotabeki Jalen Hurts. Januari 2018, fainali ya vyuo, Alabama wako nyuma 13–0 wakati wa mapumziko, kocha anamtoa mbele ya nchi nzima, anayeingia anashinda mechi. Hurts hakukimbia. Alikaa benchi msimu uliofuata, Desemba akaingia akaikomboa timu ileile dhidi ya wapinzani walewale, Georgia, akachukua shahada yake, ndipo akahamia Oklahoma kwa Lincoln Riley kuongeza elimu ya pasi. Philadelphia walimchukua wa 53. Februari 2025 aliwafunga Kansas City 40–22 akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Alikuwa na subira, na katika subira yote ile hakuiacha nafasi yake.

Mnaosema huku kila kitu kipo, ndiyo, hapa shule ya sekondari ina kocha wa kwotabeki pekee yake na kamera ya kurekodi mazoezi, na inaniuma nikikumbuka ile mipira miwili. Hilo halirekebishwi na maneno yangu. Lakini kumuuliza mwalimu "huyu utamrudisha lini kwenye nafasi yake?" hakuhitaji kamera wala bajeti ya wizara. Mzazi yeyote Temeke au Tandahimba anaweza kuuliza. Baba yangu angeweza. Hakuna aliyemwambia inaruhusiwa, na mimi mwenyewe nimekaa huku miaka tisa bila kujua inaruhusiwa hadi mtoto aliponiambia.

Jana kabla ya mechi nilikwenda shuleni na mapema. Nilimsalimia kocha, nikamwambia nilikubali haraka na nimekuja kuuliza. Atakaa pembeni mechi ngapi? Nani ataendelea kumfundisha kusoma ulinzi wakati huo? Akifanya vizuri pembeni, nini kitawafanya mmrudishe? Hakukasirika. Alinivutia kiti, akaandika maswali yangu matatu kwenye daftari lake, akasema Jumatatu atanijibu.

Leo asubuhi mtoto aliniuliza kama ni kweli nilikwenda. Nikamwambia ni kweli. Hakusema neno, akachukua mpira, akatoka uani. Nikavaa viatu nikamfuata, nikasimama kule mwisho karibu na uzio, nikafungua mikono.