Thailand imepunguza uzazi wa wasichana wadogo, lakini aliyekwisha kujifungua yu hali gani?

Mwaka 2012, kati ya kila wasichana 1,000 wa Thailand wenye umri wa miaka 15 hadi 19, zaidi ya 50 walijifungua. Kufikia 2021 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 25, kiwango ambacho serikali ilikuwa imepanga kukifikia mwaka 2026. Si jambo dogo, na anayelibeza hajui nchi ngapi zimejaribu zikakwama. Ila takwimu hii inahesabu watoto ambao hawakuzaliwa. Msichana ambaye tayari ana mtoto mgongoni hayumo kabisa, na hapo ndipo watafiti wa afya ya jamii wanapogawanyika.

Kundi la kwanza linasema kinga ndiyo kila kitu, na lina hoja nzito. Sheria ya mwaka 2016 ya kuzuia na kutatua tatizo la mimba za vijana inampa kila aliyepita miaka 10 na hajafika 20 haki ya kupata elimu ya uzazi na huduma, kuamua mwenyewe, na kutunziwa siri. Kabla ya sheria hiyo, bima ya afya ya taifa ilikwishaanza kulipia vipandikizi (vijiti vya mkononi) na vitanzi kwa wasichana wa umri huo. Msichana haingii mfukoni. Kwa nchi ambayo tangu miaka ya 1970 ilimzoea mwanaharakati wa uzazi wa mpango, Mechai Viravaidya, akigawa kondomu hadharani huku watu wakicheka, hatua hiyo haikuanzia hewani.

Hata hivyo, sifa zote zisiende kwa sheria. Uzazi umeporomoka Thailand nzima: mwaka 2024 watoto waliozaliwa walikuwa chini ya 500,000. Pale ambapo hata wenye ndoa na mishahara hawataki kuzaa, kushuka kwa uzazi wa vijana kwa sehemu fulani kungetokea tu. Tena kijiti cha mkononi hakizuii kaswende, ambayo imekuwa ikiongezeka kwa vijana hao hao.

Kundi la pili linauliza swali gumu zaidi: umri mdogo ndio unaomharibia mama maisha, au ni umaskini aliokuwa nao kabla ya mimba? Kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14 sioni cha kubishana. Mwili haujakomaa, hatari ya upungufu wa damu na ya kuzaa njiti ni kubwa, na nyuma ya mimba nyingi za umri huo kuna mtu mzima anayepaswa kuwa mahakamani. Kwa wa miaka 18 au 19 mambo yanabadilika. Huko Marekani, mwaka 1992, watafiti Geronimus na Korenman waliwalinganisha ndugu wa kike wa tumbo moja, mmoja aliyezaa mapema na mwenzake aliyechelewa, wakaona kwamba pengo la kimaisha baina yao ni dogo kuliko ilivyodhaniwa. Sehemu kubwa ya shida ilitoka nyumbani walikozaliwa wote wawili.

Ukiipeleka hoja hiyo Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, inapata uhai. Huko wazazi wengi wamekwenda Bangkok kutafuta kazi na watoto wamebaki na bibi. Msichana akijifungua, bibi yule yule anamlaza karibu na makaa, desturi inayoitwa yu fai: joto usiku na mchana, maji ya moto ya kunywa na kuoga, na orodha ndefu ya vyakula vya mwiko. Mwanamke wa pwani yetu aliyewahi kukandwa baada ya kujifungua hahitaji kuelezwa zaidi. Muuguzi anaweza kulalamikia miiko ya chakula, na ana haki, kwa maana mama anayenyonyesha anahitaji protini. Lakini siku hizo chache pia zinamwambia binti kwamba bado ana kwao. Shida inaanza baadaye, mama kijana naye anapopanda basi la Bangkok na bibi anabaki na kichanga. Ustawi wa nani tunaupima hapo?

Dodoso linalotumika sana, toleo la Kithai la kipimo cha ubora wa maisha cha Shirika la Afya Duniani, lina maswali 26 na linamuuliza mtu mmoja kuhusu nafsi yake. Bibi hamo. Na wanaohojiwa mara nyingi hupatikana kliniki ya wajawazito, kwa hiyo aliyetoa mimba au aliyekimbilia mjini haonekani.

Kinachonitia shaka zaidi ni hawa wanaosifiwa kila mahali: wahudumu wa kujitolea wa afya vijijini, zaidi ya milioni moja, kila mmoja akiwa na kaya zake chache anazozitembelea. Bila wao hakuna mtafiti atakayefunguliwa mlango. Lakini mhudumu huyo ni jirani, huenda ni shangazi. Sheria inaahidi siri. Kijijini, pikipiki yake ikiegeshwa mara mbili kwa wiki mbele ya nyumba yenye binti wa miaka 16, nani hajaelewa? Mtafiti anayemtumia kama mwenyeji wake anapaswa kumpa msichana njia nyingine ya kuzungumza, hata kwa simu tu.

Kwangu mimi, kundi la pili lina hoja bora ila vipimo vyake ni dhaifu. Familia maskini inapewa baht 600 kwa mwezi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6, na shule haziruhusiwi kumfukuza mjamzito. Wangapi kati ya mama hao vijana wanarudi darasani na kumaliza? Thailand inampa kila raia namba ya tarakimu 13 tangu anaposajiliwa kuzaliwa, kwa hiyo inawezekana kumfuatilia mama kijana kutoka wodi ya wazazi hadi shuleni bila kumtaja jina. Wanaoweza kuachwa nje ya hesabu hiyo ni wasichana wa makabila ya milimani, katika mikoa ya kaskazini ya Chiang Rai na Mae Hong Son, ambao bado hawana uraia wala usajili. Kwao itabidi mtu apande mlima akawaulize.