Houston joto, Dar joto: akiba ya umeme iko wapi?

Kila Februari nikipiga simu nyumbani, dada yangu wa Mbagala huniuliza swali lilelile: "Huko kwenu umeme unakatika?" Naona kama ananitega. Nikisema haukatiki nitakuwa mwongo, nikikubali atanicheka mpaka salio liishe.

Joto la Houston mwezi wa nane si la mchezo. Saa sita usiku kuta bado zina moto, na viyoyozi vya mji mzima vinanguruma kwa pamoja. Tarehe 10 Agosti 2023 gridi ya Texas ilibeba megawati 85,508, rekodi yake. Matumizi ya Tanzania nzima yanaingia humo zaidi ya mara thelathini. Na siku hiyo taa hazikuzimika.

Kilichotutoa jasho ni jioni ya tarehe 6 Septemba, siku ambayo matumizi hata hayakufika huko. Nipo jikoni nakaanga samaki, ujumbe ukaingia kwenye simu: punguzeni matumizi sasa hivi. Jua lilikuwa linazama na umeme wa sola ukishuka nalo. Upepo ulikuwa hafifu, na umeme wa mitambo ya upepo ya kusini ukakwama njiani kwa sababu laini za kuuleta huku zilikuwa zimejaa. ERCOT, wanaoendesha gridi, wakatangaza dharura ngazi ya pili. Ya tatu ndiyo ya kukatia watu. Nikazima kiyoyozi, nikafungua dirisha (kosa kubwa, mbu wa hapa hawana adabu), nikala samaki wangu nusu mbichi. Baada ya saa moja na ushee dharura ikaondolewa.

Tangu hapo nikisikia mtu anataja megawati, namuuliza: za saa ngapi?

Nyumbani tunapenda namba. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, mitambo tisa ya 235 kila mmoja, na mimi nilishangilia kama wengine. Aliyeonja mgawo wa 2006 na ule wa 2011 hawezi kulibeza. Lakini joto letu hukolea Januari na Februari, kabla masika hayajashuka, na vuli ikitutupa ndipo mabwawa yanapokuwa chini. Halafu Mtera, Kidatu na Kihansi yote yamo bonde la Rufiji, kama Bwawa la Nyerere lenyewe. Ukame ukilikumba bonde hilo, mitambo yote hiyo inaumwa pamoja. Ndiyo maana mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, hata ikikaa kimya miezi, mimi naihesabu kuwa akiba hasa. Anayesema inakula hela bure aniambie Februari kavu tutawasha nini.

Gesi nayo ina udhaifu wake. Hewa ikiwa ya moto huwa nyepesi, mtambo unatoa pungufu ya kilichoandikwa kwenye kibao chake, na nyaya zinalegea, zinabeba kidogo. Yaani joto linaongeza matumizi huku linapunguza umeme. Atakayepanga akiba kwa wastani wa mwaka amejidanganya.

Texas si mwalimu mzuri sana, msinielewe vibaya. Hapa mtambo kwa kawaida hulipwa ukiuza umeme, kukaa tu tayari hakulipi vizuri, na gridi yao karibu imejitenga na majirani. Baridi ya Februari 2021 ilipogandisha mitambo, walikufa watu zaidi ya 200. Sisi tumeshaungana na Kenya. Hapo tumewazidi.

Ila kuna akiba ambayo huku na huko hatuihesabu: nguzo na transfoma. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita, wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme, wengi wao eneo la Houston. Megawati zilikuwepo tele, nguzo ndizo zilizolala chini. Mimi nilikaa siku tano. Dada akacheka, naye wiki mbili nyuma transfoma ya mtaani kwao ilikuwa imelemewa na mafriji na feni, wakalala gizani huku Rufiji inatiririka.

"Sasa akiba yenu hiyo mnayojivunia iko wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari, injini inaunguruma, nachaji simu.