Mstari Mmoja Ulioniangusha Kitini

Kwa kuwa rafiki yangu aliyenisindikiza kupima virusi vya Ukimwi (VVU) amekwisha kutangaza kwamba nilizimia mbele ya muuguzi, naomba ieleweke kwamba sikuzimia. Niliteleza kitini huku macho yangu yakiwa wazi kabisa, na mwenye akili anaijua tofauti.

Yaliyotangulia hayahitaji maelezo marefu. Palikuwa na sherehe, palikuwa na mtu mwenye tabasamu, na palikuwa na kondomu iliyopasuka. Kabla hakujapambazuka nilikuwa nimekwisha kujimulika ulimi kwa tochi ya simu, na alama ya kuumwa na mbu begani nikaihesabu kuwa kaswende. (Ndugu wafuasi, najua kwamba kaswende haijitokezi kwa usiku mmoja, lakini saa kumi alfajiri elimu hukimbia.)

Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti iliyofika hadi kwenye benchi la nje. "Mlitumia kilainishi gani, mwanangu?" Nikanong'ona kwamba tulitumia mafuta ya kujipaka. Akaweka kalamu chini, akanieleza kwamba mafuta huudhoofisha mpira wa kondomu, na kwamba kinachofaa ni kilainishi cha majimaji. Huko nje mtu akakohoa.

Kisha akanichoma kidoleni, akadondosha damu kwenye kipimo cheupe chenye herufi C na T, akaongeza matone ya dawa, akanigeuzia mgongo ili ajaze daftari lake. Nikabaki peke yangu na kile kidirisha. Wekundu ulianza kutambaa polepole, ukaipita T bila kusimama, nikapumua. Halafu, mkabala na C, pakatokea kivuli cha waridi, kikakolea, kikawa mstari ulionyooka usio na huruma. Nilijua yamekwisha. Mgongo ukalegea, kiti chenye magurudumu kikarudi nyuma bila mimi, nami nikashuka sakafuni taratibu, kidole chenye pamba kikiwa bado kimeinuliwa juu, huku nikimsihi yule mama awaambie wazazi wangu kwamba ni malaria.

"Mwanangu," akasema bila hata kuinuka, "huo ni mstari wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Usingetokea, ningekitupa." Akaongeza, nami nikiwa bado chini, kwamba kipimo cha siku hiyo hakikuwa na lolote la kusema kuhusu usiku uliopita, kwa sababu mwili huchukua wiki kadhaa kabla ya kutoa ishara inayoonekana kwenye kipimo cha aina ile, kilichopimwa ni maisha yangu ya kabla ya sherehe. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeanguka kwa sababu ya habari njema, tena ya zamani.

Mengine yalikwenda haraka. Nilikuwa bado ndani ya saa 72 tangu kondomu ipasuke, hivyo nikapewa dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU visishike mwilini baada ya mtu kuwa hatarini, ambazo humezwa kila siku kwa siku 28, na nikapangiwa tarehe za kurudia vipimo, pamoja na kile cha kisonono. Ninazimeza kwa uaminifu.

Jambo moja rafiki yangu mtangazaji amelisahau. Tulipokuwa tunatoka, muuguzi alimuuliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu, hupimi?" Papo hapo akaweka sikioni simu ambayo haikuwa imeita, akasema "Halo, baba!", akatangulia mlangoni.