Kimbunga Hakikupanda Miwa

Kwetu Unguja shelisheli ni chakula cha nyumbani. Tunalipika kwa nazi, tunalikaanga, au tunalichoma juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi tititi. Kujua lilivyofika Jamaica kulinitia uchungu. Nahodha Mwingereza William Bligh alileta miche yake mwaka 1793, kwa sababu wenye mashamba ya miwa walitaka chakula cha bei nafuu cha kulishia watumwa.

Miaka michache nyuma njaa ilikuwa imewamaliza watu. Bunge la kikoloni la kisiwa hicho lenyewe lilikadiria kwamba kati ya mwisho wa 1780 na mwanzo wa 1787 watumwa 15,000 walikufa kwa njaa na maradhi ya kula vibaya. Vimbunga vilikuwepo, sibishi. Oktoba 1780 bahari iliufunika mji wa Savanna-la-Mar, na dhoruba nyingine zikafuata. Lakini nakataa kabisa kuviita vifo hivyo vya kimbunga. Upepo uliangusha migomba, basi. Aliyeifanya ardhi nzuri ya tambarare yote kuwa miwa ni mwenye shamba, na ndiye aliyewaambia watu wakajilimie chakula chao milimani, mbali, siku ya Jumapili, baada ya siku sita za kumtumikia yeye. Nafaka na samaki wa chumvi alivinunua Amerika Kaskazini. Vita vya uhuru vya huko vilipokata biashara hiyo, aliendelea na miwa yake.

Nayafikiria sana yale makonde ya milimani. Walipanda ndizi, majimbi, muhogo na viazi vikuu. Mkulima yeyote anajua: dhoruba ikipita mgomba umelala chini, kiazi kikuu bado kimo udongoni. Ziada waliibeba kichwani hadi gulioni, pamoja na kuku na mayai, na humo ndimo walimokutana na jamaa wa mashamba mengine. Edward Long, mwenye shamba aliyewadharau mno watu weusi, alikadiria mwaka 1774 kuwa karibu moja ya tano ya fedha iliyokuwa ikizunguka kisiwani imo mikononi mwa watumwa. Fedha hiyo ilitoka kwenye jembe la Jumapili.

Shelisheli la Bligh lilipofika, wengi hawakulitaka, likaishia kwa nguruwe. Walikuwa na viazi vyao.